Tangazo Nyuma ya Mlango

Jiwe nililiokota mimi. Nianze na hilo, maana wanaosimulia kisa hiki pale ofisini siku hizi wanakianzia kwa Bi Nukta, wanakimalizia kwa Bi Nukta, wanatikisa vichwa, na hakuna anayelitaja jiwe. Mlango mkubwa wa jengo la halmashauri yetu ulikuwa na tabia ya kujifunga kila upepo ukipita. Mimi tarishi, niliyekuwa napita pale mara arobaini kwa siku nimekumbatia mafaili, nikachoka kuusukuma kwa kiwiko. Nikaokota jiwe uani, kubwa kama tikiti changa, nikaufungua mlango mpaka ukagusa ukuta, nikaliweka pale chini. Miaka kumi na tisa mlango ule ulilala ukutani kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa tisa na nusu alasiri. Nyuma yake, ukutani, ndipo ulipokuwa ubao wa matangazo.

Kila mtu aliyefanya kazi pale alijua. Mwananchi angeweza kuusoma ubao ule wakati ofisi imefungwa tu, na ofisi ikifungwa yeye anakuwa nje ya mlango na ubao uko ndani. Tulikuwa tukilitania jambo hilo wakati wa chai. Tulicheka sana, Mungu atusamehe.

Sasa Bi Nukta. Yeye alikuwa mwandishi wa sheria ndogo katika idara ya sheria, ghorofa ya kwanza, chumba cha mwisho. Halmashauri ikitaka kanuni ya takataka, ya mabango, ya mbwa wasio na mwenyewe, yeye ndiye anayekaa chini na kuiandika. Jina tulimpa sisi, kwa sababu hata karatasi ya kuomba sabuni ya chooni aliirudisha kwa mwombaji ikiwa haina nukta mwishoni. Alikuwa mwembamba, miwani shingoni kwa mnyororo, rula ya chuma kulia, kalamu nyekundu kushoto, na ole wako uzisogeze. Wanasheria vijana walikuwa wakifika mlangoni kwake wanajirekebisha kola. Na nguo zake! Hakuna mtu katika jengo lile aliyevaa nguo zilizonyooka kama zake. Tulikuwa tukisema mikunjo ya blauzi zake inaweza kukata karatasi.

Yeye ndiye aliyenifundisha habari ya kifungu cha thelathini na moja. Nilikuwa nimempelekea chai, nikamuuliza kwa utani kwa nini kanuni moja inakula karatasi nyingi hivyo. Akavua miwani.

"Mzee, kanuni inaandikwa na mtu aliyekaa ofisini. Mtu huyo hajui kila kitu. Kwa hiyo sheria mama inamlazimisha aulize. Rasimu inabandikwa mahali pa wazi siku kumi na nne, na wale itakaowagusa wanasikilizwa kabla haijapitishwa. Hatuwafanyii hisani. Ni haki yao, na sisi inatusaidia tusiandike upuuzi."

Macho yake yalikuwa yakimeta. Aliamini kila neno, hilo nitamtetea nalo popote. Akamaliza chai, akanikabidhi rasimu ya siku hiyo na pini nne.

"Kabandike, mzee."

Nikashuka. Nikaondoa jiwe, nikafunga mlango, nikabandika tangazo, nikafungua mlango, nikarudisha jiwe. Mimi na yeye hatukuona ajabu yoyote.

Miaka ya mwanzo alikuwa akisubiri siku ya kumi na tano, halafu anafungua daftari la maoni na kuandika kwa mkono wake mzuri: Hakuna maoni yaliyopokelewa. Maoni yangetoka wapi? Mwaka wa tano au wa sita mkono ulimchoka, akaenda kwa fundi mihuri akachongewa muhuri wa maneno hayohayo. Baadaye hata kusubiri akaacha. Faili lilikwenda upesi zaidi likiwa tayari, kwa hiyo siku nikibandika tangazo, yeye siku hiyohiyo anagonga muhuri, chini yake anaandika tarehe ya wiki mbili mbele. Nilimwona. Nilisimama pale na sinia, nikamwangalia akipuliza wino ukauke. Nilijiambia mimi ni tarishi tu, nikabeba vikombe nikaenda zangu.

Nguo zilizonyooka zilikuwa kazi ya dada yake, tuliyemwita Dada Mkubwa. Mama yao alifariki Bi Nukta akiwa darasa la pili. Dada Mkubwa alikuwa darasa la tano. Akaacha shule siku ileile ya msiba na hakurudi tena. Akaenda kufua kwa dobi mmoja mzee, akajifunza kazi, mzee alipochoka akamwachia kile chumba na makarai yake. Kwa kufua shuka za zahanati na sare za watu, akamsomesha mdogo wake mpaka chuo. Bi Nukta mwenyewe aliniambia kwamba herufi za kwanza alifundishwa na dada yake juu ya meza ya kupigia pasi. Dada alikuwa akichovya kidole kwenye maji, anaandika herufi juu ya kitambaa, mtoto anaisoma, halafu pasi inapita inaifuta.

Kila Ijumaa saa sita Dada Mkubwa alikuja na furushi la nguo za wiki za mdogo wake. Ngazi zilimuumiza magoti, kwa hiyo alisimama pale chini kwenye ukumbi wa kuingilia, anaegemea ule mlango wangu uliolala ukutani, anapaza sauti:

"Kadogo! Nguo zako!"

Na Bi Nukta, aliyekuwa akiogopwa na wanasheria wenye tai, alishuka ngazi mbio kama mtoto wa shule. "Shikamoo, dada." Dada anamkagua kola, anamgeuza, anamwambia amekonda. Tulikuwa tukichungulia kutoka kwenye madirisha ya masijala na kucheka chini chini. Ilikuwa ni burudani yetu ya Ijumaa.

Basi likaja jambo la maji machafu. Malalamiko yalikuwa ya kweli, asikudanganye mtu. Baadhi ya madobi walikuwa wakimwaga maji yenye rangi na dawa za madoa uchochoroni, watoto wanachezea, wanatoka vipele miguuni. Mama mmoja alikuja na mwanawe mpaka ofisini, akamvua soksi mbele ya Mkuu wa Idara ya Sheria. Mkuu aliona aibu, akapanda juu akamwambia Bi Nukta anataka kanuni mezani Jumatatu.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Bi Nukta akafungua kabati, akatoa kanuni za machinjio, kwa sababu zilikuwa na sura nzima ya maji machafu, imeandikwa vizuri na ilishapitishwa zamani. Kila palipoandikwa "machinjio" akaandika "nyumba ya dobi". Akaondoa kwato, akaondoa damu, akamwondoa daktari wa mifugo. Alikuwa makini, hakubakiza hata nywele ya ng'ombe. Lakini shimo la vyumba vitatu la kutuamisha maji, lililo umbali wa mita ishirini kutoka kwenye jengo, lilibaki. Kwa machinjio yaliyoko nje ya mji, mita ishirini si kitu.

Ijumaa saa sita nikabandika. Nikarudisha jiwe. Dakika chache baadaye nikasikia, "Kadogo! Nguo zako!"

Miezi mitatu ikapita. Jumanne moja nikamwona Dada Mkubwa ukumbini, hana furushi. Viatu vyake vilikuwa na vumbi la kutembea haraka. Nilipanda kumwita Bi Nukta, akashuka polepole maana hakuelewa Jumanne imekujaje.

"Kadogo, wamenifungia."

"Nani?"

"Watu wa afya. Wamebandika karatasi nyekundu mlangoni. Madobi sita, wote wa upande wetu wa mji. Wanasema nichimbe shimo mita ishirini kutoka kwenye nyumba. Kiwanja changu chote, mbele mpaka nyuma, kina mita kumi na mbili! Nimepima kwa kamba ya kuanikia. Hilo shimo linaangukia sebuleni kwa fundi saa." Akacheka kidogo kwa hasira. "Nimemwambia fundi saa. Kasema yeye hana neno, ila nisichimbe wakati wa mpira."

Mimi nikacheka. Bi Nukta hakucheka.

"Na maji yangu mimi simwagi ovyo, wewe si unajua? Si unalijua lile pipa? Yanapita humo, yanatoka safi, namwagilia miche. Nikamwonyesha yule afisa wa afya. Akaniambia pipa halimo kwenye kanuni. Aliyeandika hiki kitu hajawahi kufua hata leso, nakuambia. Ni nani, Kadogo? Wewe uko humu ndani, unawajua watu."

Bi Nukta akaigusa miwani yake.

"Huwa... ofisi inaandika, dada."

"Ofisi haina mikono."

"Nitaulizia."

"Niulizie, mdogo wangu. Nitawaambia wenzangu tusiwe na wasiwasi, wewe upo."

Akaondoka. Bi Nukta akabaki amesimama kwenye ngazi ya chini, mkono kwenye ukingo, anautazama ule mlango. Mimi nilikuwa natazama jiwe. Nakumbuka nilijitia kusoma anwani juu ya bahasha tupu.

Madobi wale sita walipata wakili, mwanamke mmoja kijana mwenye sauti ndogo, akawasaidia kupeleka shauri kwenye baraza la rufaa. Dai lao lilikuwa fupi: kifungu cha thelathini na moja kinasema tusikilizwe, na sisi hatukusikilizwa. Mkuu akapanda juu na barua ya wito mkononi.

"Andika hati ya kiapo," akamwambia Bi Nukta. "Sema kweli tupu. Tangazo lilibandikwa au halikubandikwa?"

"Lilibandikwa."

"Basi tumemaliza."

Akaandika. Iliyochapwa akanisomea mimi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nimjue. "Rasimu ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo ulioko katika ukumbi wa kuingilia, mahali ambapo umma huingia na kutoka, kwa muda wa siku kumi na nne." Akainua uso. "Kuna uongo hapo, mzee?"

Nikaangalia dari. "Hakuna, bibi."

"Hakuna," akasema. Akatia sahihi. Chai niliyompelekea asubuhi ilikuwa bado imejaa, imefanya utando juu.

Ijumaa ile nilidhani nguo hazitakuja. Zilikuja. Dada Mkubwa alisimama palepale na furushi lake, Bi Nukta akashuka amejaa haya, akasema, "Dada, lakini si umefungiwa?"

"Wamefunga chumba. Mikono wameniachia."

Wiki iliyofuata magoti yalimzidi, akatuma ujumbe kwamba nguo ziko tayari, mtu azifuate. Bi Nukta akaniomba mimi. Sijui kwa nini hakwenda mwenyewe. Yaani, najua.

Chumba cha kufulia kilikuwa na komeo na ile karatasi nyekundu. Makarai yalikuwa yamefunikwa kifudifudi yakiwa makavu, na kamba za uani zilikuwa tupu kutoka ukuta mpaka ukuta. Pipa lilikuwa pembeni, limesimama juu ya matofali, bomba dogo chini yake, na mbele ya bomba miche ya mboga iliyoanza kunyauka kwa sababu hapakuwa na maji ya kufulia ya kuimwagilia. Yeye alikuwa ndani ya chumba chake cha kulala, amekunja blanketi juu ya meza ya chakula, anapiga pasi blauzi nyeupe. Alipiga kola kwanza, kisha mabega, kisha mikono, hakuharakisha. Akanipa maji ya kunywa na kigoda.

"Mwambie Kadogo asijichoshe sana," akaniambia bila kuinua macho. "Najua anahangaika huko ndani kututetea. Yeye akianza jambo halali. Alikuwa hivyo tangu mdogo."

Nikaweka maji chini. Nilikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, na hati ile ya kiapo nilikuwa nimeipeleka barazani kwa mikono yangu siku mbili nyuma, imefungwa kwa gundi. Nikasema, "Nitamwambia." Nikabeba furushi kichwani mpaka ofisini, na sijawahi kubeba kitu kizito namna ile. Nilimpa Bi Nukta salamu zile neno kwa neno. Ningeweza kuzificha nimwonee huruma. Sikutaka kuzibeba peke yangu, huo ndio ukweli, na si ukweli wa kujivunia.

Baraza lilikaa Jumatano asubuhi katika chumba chenye viti vya plastiki na feni moja iliyokuwa ikilia. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo mwenye mafua, leso mkononi muda wote. Madobi walikaa upande wa dirishani, wamevaa nguo zilizopigwa pasi mpaka unazionea aibu suti za upande wetu. Mimi nilikaa nyuma ya Mkuu na daftari la maoni magotini. Dada Mkubwa alipomwona mdogo wake akiingia alitabasamu, akampungia mkono chini chini, halafu akamnong'oneza dobi aliye karibu naye: yule pale ndiye wangu.

Karani wa baraza akasimama kusoma hati. "Mimi," akasoma, akataja majina yote matatu ya Bi Nukta, "mwandishi wa sheria ndogo wa halmashauri, na mtayarishaji wa kanuni inayolalamikiwa, naapa na kusema..."

Nilikuwa namtazama Dada Mkubwa. Lile tabasamu lilibaki usoni kwa muda, kama amelisahau pale. Kisha akageuka kutazama mbele, ukutani, na hakumtazama tena mdogo wake.

Wakili akamwita Bi Nukta kwenye kiti cha mashahidi.

"Ubao huo uko upande gani mtu akiingia?"

"Kulia."

"Na mlango mkubwa, unafungukia upande gani?"

Feni ililia mizunguko mitatu au minne.

"Kulia."

"Saa za kazi huwa umefunguliwa au umefungwa?"

"Umefunguliwa. Unazuiwa na jiwe."

Nikahisi masikio yangu yanawaka moto. Hakuna aliyegeuka kunitazama, lakini mimi niliona chumba kizima kimegeuka.

"Kwa hiyo mwananchi akiingia saa za kazi, ubao uko wapi?"

"Nyuma ya mlango."

Mwenyekiti akapenga kamasi, akaandika. Kisha akamgeukia Dada Mkubwa na kumwuliza kama katika siku zile kumi na nne alifika kwenye jengo la halmashauri.

"Nilifika, mheshimiwa. Ijumaa zote. Nampelekea mdogo wangu nguo."

"Ulisimama wapi?"

"Hapo hapo mlangoni. Huwa nauegemea, kwa ajili ya magoti." Akaiona picha yenyewe. "Basi karatasi ilikuwa mgongoni kwangu," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi nimesimama namwita, na karatasi iko mgongoni kwangu."

Wakili akasema hana swali zaidi. Mkuu akamshika Bi Nukta kwa macho, yaani njoo ukae. Bado tulikuwa na la kujitetea: ubao upo, tangazo lilikuwepo, daftari limegongwa muhuri na tarehe ya siku ya kumi na tano, kila kitu kwenye karatasi kimenyooka. Mtu mwenye akili zake angeshuka kwenye kile kiti. Bi Nukta hakushuka.

"Mheshimiwa mwenyekiti, sijamaliza."

"Sema."

"Daftari la maoni lina muhuri unaosema hakuna maoni yaliyopokelewa. Tarehe iliyo chini si ya kweli. Niligonga muhuri siku ya kwanza, kabla tangazo halijamaliza hata saa moja ukutani. Nimefanya hivyo miaka mingi, kwa kanuni nyingi." Mkuu alikuwa amesimama nusu. Yeye akaendelea, sauti imekauka. "Na kanuni hii niliinakili kutoka kwenye kanuni za machinjio. Mita ishirini ni za machinjio. Mimi nimelelewa kwenye nyumba ya dobi. Nimekua kiwanjani pale, najua kina upana gani. Nilikuwa na mtu wa kumuuliza kila Ijumaa, sikumuuliza. Naona aibu, mheshimiwa. Sina neno jingine."

Hakulia. Laiti angelia, tungepata pa kuangalia.

Uamuzi ulitolewa siku ileile, mchana. Mwenyekiti aliusoma kwa pua iliyoziba. Kifungu kinataka watu wasikilizwe, na hawa hawakusikilizwa, kwa hiyo kanuni imefutwa na vyumba vifunguliwe. Lakini vipele vya watoto vipo, akasema, na halmashauri ina wajibu navyo. Irudi ikatunge kanuni upya, na safari hii iwaite madobi na wenye watoto kwenye chumba kimoja kabla ya kushika kalamu. Kanuni zote zilizopita kwa muhuri ule nazo zipitiwe. Madobi walishangilia. Dada Mkubwa akachukua mkoba wake, akapita mbele ya mdogo wake, akatoka.

Bi Nukta hakufukuzwa. Alipewa barua ya onyo, akaifungia faili mwenyewe, na kwa mazoea akairudisha kwanza kwa aliyeiandika kwa sababu ilikosa nukta. Lile jiwe nililitupa uani nilikolitoa, hakuna aliyeniagiza, na hakuna aliyenipa barua ya onyo. Nilisubiri waniite. Wiki ikapita, mwezi ukapita, wakawa wanapita mlangoni wananisalimia kama kawaida. Ubao tukautoa, tukaufunga nje kwenye geti, chini ya kipande cha bati.

Ijumaa iliyofuata saa sita ilipofika niliona Bi Nukta ameweka kalamu chini. Saa sita na nusu. Saa saba. Jumatatu alikuja na blauzi aliyoipiga pasi mwenyewe, na mgongoni ilikuwa na alama ya kuungua, umbo zima la pasi, rangi ya chai. Mdogo wa dobi, hajui kupiga pasi! Katika jengo lile lenye midomo mirefu hakuna aliyetania. Aliivaa wiki mbili mfululizo, tena hakuifunika kwa sweta.

Mkutano wa kusikiliza maoni ulifanyika ukumbi wa shule ya msingi, watu wamekaa kwenye madawati madogo magoti yakigusa videvu. Walikuja madobi, alikuja yule mama wa soksi na mwanawe, alikuja fundi saa kulinda sebule yake. Mezani mbele alikaa Bi Nukta na daftari jipya, na mimi pembeni yake kazi yangu kupitisha maji. Watu walizungumza mengi, mengine ya maana, mengine ya kugombana tu. Yule mama alisema anachotaka ni mtoto acheze nje bila kujikuna, habari za mita hazijui. Zamu ya Dada Mkubwa ikafika. Alijongea mpaka mbele ya meza, akataja jina lake kamili kama watu wengine wote, akasema kazi yake ni udobi kwa miaka thelathini na minne.

Akaeleza pipa. Linatobolewa wapi, linajazwa nini, linasafishwa kila baada ya siku ngapi, na kwamba dobi asiye na kiwanja kikubwa anaweza kuliweka popote. Alipomaliza hakurudi kukaa.

"Umeandika?"

"Nimeandika, dada."

"Soma nisikie."

Bi Nukta akasoma.

"Hapo umesema kokoto juu, mchanga chini. Ni mchanga juu, kokoto chini. Ukigeuza, halichuji."

Akakata, akaandika upya. Herufi zake nzuri zililala kila moja upande wake.

"Soma tena."

Akasoma tena. Dada Mkubwa alikuwa ameweka kidole juu ya meza, anakisogeza taratibu kufuata maneno, vile vile nadhani alivyokuwa akikisogeza juu ya kitambaa chenye maji. Sauti ya Bi Nukta ilikatika kwenye neno "kokoto". Akakohoa, akaanza sentensi ile upya mpaka mwisho. Nikamsogezea bilauri, hakuigusa. Alikuwa amemkazia macho dada yake, anasubiri.

"Sawa, karani," Dada Mkubwa akasema. "Mwite mwingine."

Bi Nukta akainamisha kichwa kwenye orodha, akatafuta jina linalofuata, akaliita.